Mtoto Mdogo Pwani Maji Yakipwa: Mwongozo Kamili wa Kuiandaa Familia

Ujumbe ni uleule kila Jumamosi jioni. "Mwalimu, tulifika, mtoto akalia, tukarudi baada ya nusu saa." Mwingine: "Alitaka simu tu." Mwingine: "Tumekuta bahari imejaa mpaka kwenye minazi, hapakuwa na pa kuchezea."

Nimewajibu wazazi hawa mmoja mmoja kwa muda mrefu. Sasa naandika yote mahali pamoja, maana makosa ni yaleyale. Wamekwenda saa isiyofaa, wamevaa nguo zisizofaa, na watu wazima wenyewe hawakukubaliana wanakwenda kufanya nini. Mtoto analaumiwa bure.

Mwongozo huu ni wa familia zenye watoto wa miaka 2 hadi 6, Dar es Salaam na kwingineko kwenye mwambao wetu. Lengo ni saa mbili za kucheza kwenye ufukwe ulioachwa wazi na maji kupwa: mchanga, madimbwi, mwani, kaa, makombe. Kuogelea hakumo. Ukitaka kumfundisha mtoto kuogelea, hiyo ni safari nyingine na maandalizi mengine.

## Vitu vya kuandaa

Vingi tayari unavyo nyumbani. Viweke pamoja jioni ya kabla, si asubuhi.

- Maji ya kunywa, nusu lita kwa kila mtoto na lita moja kwa kila mtu mzima
- Dumu la lita 5 la maji ya bomba, la kunawa mikono na kusuuza miguu
- Chupa ya chai iliyojaa maji ya moto (usiiache, nitaeleza sababu kwenye hatua ya 7)
- Khanga mbili kwa kila mtoto: moja ya kujifutia, moja ya kivuli au ya kumfunika akitetemeka; na nyingine mbili pamoja na vijiti viwili, vya kuweka mpaka (hatua ya 6)
- Raba kuukuu au yeboyebo zenye mkanda wa nyuma
- Kofia yenye kamba ya kufunga kidevuni
- Nguo kavu za kubadilisha, mpaka chupi
- Makopo matupu mawili, kijiko cha mbao, chujio la chai lililochakaa
- Mkeka au jamvi
- Hotpoti au bakuli lenye mfuniko wa kubana
- Kibano, bandeji, sabuni ya kipande, pakiti mbili za ORS (chumvi ya kurudisha maji mwilini)
- Filimbi
- Mfuko wa salfeti wa kurudishia takataka
- Simu moja yenye chaji na salio, na jina la mtu mmoja atakayeishika

Ndoo za plastiki za rangi na vijiko vyake viacheni dukani. Kopo la siagi linachota maji vilevile, na watoto hawaligombanii. Midoli ya nyumbani nayo ibaki nyumbani: mtoto aliyebeba gari lake atacheza na gari lake, na ufukwe utakuwa barabara tu.

## Hatua ya 1: Chagua siku kwa kuangalia mwezi

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Bahari ya pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa 6 na dakika chache, na kila siku saa ya kupwa husogea mbele kwa takriban dakika 50. Piga hesabu ya wiki nzima: siku 7 mara dakika 50 ni karibu saa 6. Yaani kinyume kabisa. Aliyefika Jumamosi iliyopita saa tatu asubuhi akakuta mchanga mtupu, Jumamosi hii saa ileile atakuta mawimbi. Hakukosea njia wala ufukwe haujaliwa. Amefuata saa ya ukutani, na bahari inafuata mwezi.

Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, tunapata bamvua: maji hutoka mbali sana na kurudi juu sana. Mwezi ukiwa nusu, tunapata maji mafu, hayatoki mbali wala hayapandi sana. Kwa mchezo wa mtoto unataka kukaribia bamvua, kwa kuwa hapo ndipo madimbwi na mwani huachwa wazi.

Tatizo ni kwamba kwenye mwambao wa Dar es Salaam, siku za bamvua lenyewe maji hukupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi au baadaye kidogo. Saa hiyo jua limeshakuwa kali na mchanga unaunguza. Kwa hiyo rudi nyuma siku mbili au tatu. Siku mbili tatu kabla ya mwezi mpevu, na siku mbili tatu kabla ya mwezi kuandama, maji hukupwa kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi au karibu na hapo. Kwa wanaofuata kalenda ya Kiislamu ni rahisi kukumbuka: tazama tarehe 12 na 13, kisha 26 na 27.

Ukishapata siku, hakikisha saa yenyewe kwenye jedwali la maji kupwa na kujaa, yapo mengi kwenye simu. Halafu muulize mvuvi wa hapo unapokwenda. Jedwali litakupa saa. Mvuvi atakwambia pia ni upande gani maji huzunguka nyuma yako wakati wa kurudi, na hilo hakuna programu ya simu inayolijua.

Huenda mwezi mzima ukapata Jumamosi moja tu inayofaa. Ichukue hiyo. Usilazimishe nyingine kwa sababu tu mna nafasi.

Kuhusu majira: masika, kuanzia Machi hadi Mei, mimi huacha kabisa. Kusi ikivuma, Juni hadi Septemba, asubuhi kuna upepo wa baridi kwa mtoto aliyelowa, ongezeni khanga. Kaskazi, Desemba hadi Februari, joto huwahi, kwa hiyo mkeka ukunjwe saa tatu na nusu isipite.

Utajua umechagua vizuri kama unaweza kusema sentensi hii bila kusita: "Maji yanakupwa kabisa saa fulani, tunafika saa moja kabla, tunatoka kwenye madimbwi nusu saa baada." Iandike kwenye karatasi, ibandike mlangoni.

## Hatua ya 2: Nenda wewe kwanza, bila mtoto

Siku moja ya wiki hiyo pita hapo mahali, hata kwa dakika 20.

Kwanza tazama uchafu unatoka wapi. Kaa mbali na midomo ya mito inayopita mjini. Mto Msimbazi umebeba maji ya mitaa mingi kabla ya kufika baharini, na mahali pa namna hiyo si pa mtoto anayetia vidole mdomoni. Ikinyesha mvua kubwa, subirini angalau siku tatu hata kama ufukwe unaonekana safi.

Pili, tembea na fimbo kwenye eneo la hatua 30 kwa 30. Unatafuta chupa zilizovunjika, ndoano, nyavu, sindano, kinyesi. Ukipata vitu viwili vya namna hiyo ndani ya dakika tano, tafuta pengine.

Tatu, tafuta kivuli cha asili. Mkungu, mvinje, hata ukuta wa boti iliyopinduliwa. Usikae chini ya mnazi wenye nazi. Nazi ikianguka haichagui.

Nne, choo kiko wapi? Nne hii huokoa siku nzima. Kama hakuna choo, jua mapema kwamba mtaenda na poti na mfuko.

Wanaoishi upande wa mjini mara nyingi huniuliza kuhusu Kigamboni. Fukwe zake zinafaa, ila hesabuni foleni ya kivuko cha Magogoni au mzunguko wa Daraja la Nyerere. Mtoto aliyekaa saa moja na nusu kwenye gari asubuhi anafika akiwa ameshamaliza uvumilivu wake. Ufukwe wa dakika 25 usio mzuri sana unashinda ufukwe mzuri wa mbali.

## Hatua ya 3: Kikao cha watu wazima jioni ya kabla

Msipofanya kitu kingine chochote kwenye mwongozo huu, fanyeni hiki. Ketini dakika 15 wote mtakaokwenda: mama, baba, bibi, shangazi, dada wa kazi. Hasa dada wa kazi, kwa sababu yeye ndiye hubebeshwa mtoto bila kuambiwa mpango.

Kubalianeni mambo manne.

Nani ana macho. Kila dakika 20, mtu mzima mmoja ndiye mwenye macho. Kazi yake ni kutazama watoto, basi. Hapigi picha, hapakui chakula, hasimulii. Zamu ikiisha anamgusa begani anayefuata na kusema, "Macho ni yako." Anayepokea anajibu, "Nimeyapokea." Inaonekana kama mchezo wa watoto, lakini sababu yake ni nzito: mtoto anayezama hapigi kelele. Hapungi mkono. Anazama kimya, na anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita 5 akianguka kifudifudi. Watu wazima sita wakiwa pamoja, kila mmoja akidhani mwenzake anatazama, ni hatari kuliko mama mmoja peke yake. Na kwa mtoto aliye chini ya miaka 4, mtu wake awe karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono kila akiwa kwenye maji, zamu au si zamu.

Kuchafuka kunaruhusiwa. Lisemeni kwa sauti mbele ya bibi. Bibi anapenda mjukuu aonekane nadhifu, na ana haki yake. Mwelezeni mapema kwamba kesho mtoto ataingia tope mpaka magotini, mtamsuuza, na nguo kavu zipo. Bibi asipoambiwa, kesho atakuwa anamwita mtoto kila dakika: "Toka huko! Utachafuka!" Mtoto atashika neno la bibi, atasimama pembeni, na hiyo ndiyo safari imekwisha.

Bibi huyo huyo ukimpa kazi ni hazina. Nilimwona mmoja akiwa amechuchumaa na mjukuu wa miaka mitatu kando ya dimbwi. "Bibi, huyu ana mdomo?" Kiti cha pweza, yule kiumbe wa bahari mwenye umbo la nyota, kilikuwa kimelala pale, chekundu, mikono mitano. "Mtazame kwanza, mjukuu wangu. Mimi na wewe tunyamaze." Wakanyamaza. Baada ya dakika kama tatu mkono mmoja wa kile kiumbe ukajikunja nchani, taratibu, na chini yake vikaonekana vijiguu vyembamba vingi kama uzi, kila kimoja kikijishika kwenye mwamba. Yule mtoto akavua kofia yake akamwekea bibi kichwani, sijui kwa nini, kisha akarudi kutazama. Hakuna aliyemfundisha neno lolote, na hakuhitaji.

Simu. Moja tu, ya dharura na ya kutazama saa. Picha zichukuliwe dakika tano za mwisho.

Mafua. Mtu atasema mtoto akilowa asubuhi atapata mafua. Mafua huletwa na virusi, hupatikana kwa mtu mwenye mafua. Baridi yenyewe inamsumbua mtoto kweli, na dawa yake ni khanga kavu mara midomo inapoanza kutetemeka. Msibishane sana, mwonyesheni khanga.

## Hatua ya 4: Mwandae mtoto kwa maneno machache na mazoezi ya uani

Mtoto wa miaka mitatu hawezi kubeba kanuni kumi. Mpe tatu, zilezile kila safari:

1. Filimbi ikilia, kimbia kwenye mkeka.
2. Macho kwanza, mikono baadaye.
3. Miguu haivuki khanga.

Ya kwanza ifanyieni mazoezi nyumbani. Tandika mkeka uani, mwache acheze, piga filimbi, akifika mkumbatie. Rudia mara tano jioni hiyo. Mpeni kipande cha ndizi mara moja moja. Lengo ni miguu yake iende kabla kichwa hakijafikiri.

Ya pili ifanyieni kwenye beseni. Weka maji, tia jani, jiwe, kijiti. Mwambie atazame mpaka uhesabu kumi kabla ya kugusa. Watoto wanapenda kuhesabiwa.

Ya tatu nitaieleza hatua ya 6.

Usimwahidi samaki, pomboo wala kobe. Mwambie ukweli: "Kesho tunakwenda kuona maji yameacha nini." Mtoto aliyeahidiwa kobe atamtafuta kobe asubuhi nzima, na kaa kumi na wanne watapita miguuni pake bila kuonekana.

Usimwambie pia "usiogope". Mtoto anayeogopa mawimbi ana akili timamu. Mwambie, "Nitakuwa karibu, utashika nguo yangu mpaka utakapotaka kuachia."

## Hatua ya 5: Asubuhi yenyewe

Nguo. Mikono mirefu, kitambaa chepesi, iliyochakaa. Jinzi ikilowa inakuwa nzito kama gunia na haikauki. Gauni jeupe la kanisani lisitoke kabatini. Ndala nazo hapana: tope huzivuta, mtoto hubaki pekupeku mahali penye miiba.

Kama mtoto wako ana ualbino, fupisheni muda. Muwe mmefika saa moja, muwe kivulini kabla ya saa tatu, kofia pana, mikono mirefu, suruali ndefu, na losheni ya kukinga jua ipakwe kabla ya kuondoka nyumbani na tena baada ya kulowa. Ipo Kilisun, inayotengenezwa Moshi mahsusi kwa watu wenye ualbino. Ulizia kwenye kliniki yenu ya ngozi. Kivuli na nguo ndiyo kinga ya kwanza, losheni inafuata. Msimnyime kwenda. Anaweza kucheza kama wenzake saa ikichaguliwa vizuri.

Chakula. Ale nyumbani kabla ya kutoka, uji na kitu cha kushiba. Mtoto mwenye njaa hulilia kila kitu isipokuwa chakula. Cha kubeba kiwe cha kushika mkononi: viazi vitamu vya kuchemsha, mihogo, ndizi, mayai, chapati iliyokunjwa. Karanga nzima, bisi, pipi na ubuyu zisibebwe kwa walio chini ya miaka 5, maana anayekula huku anakimbia hupaliwa.

Chakula kikae ndani ya hotpoti iliyofungwa. Kunguru wa Dar mnawajua. Ukigeuka kufuta pua ya mtoto, chapati imeondoka.

Choo. Mpeleke kabla ya kutoka hata akikataa. Aliye kwenye pampasi avuliwe mara mfikapo, kwa kuwa pampasi ikinyonya maji ya bahari inamwangusha.

## Hatua ya 6: Kufika na dakika 20 za kwanza

Fikeni saa moja kabla ya maji kukupwa kabisa. Mtandike mkeka juu ya mstari wa mwani mkavu. Mstari ule ndio alama ya mahali maji yalipoishia kujaa, na ukitandika chini yake utalowa.

Kisha wekeni mpaka. Chukua khanga mbili, zifunge kwenye vijiti viwili vilivyosimikwa mchangani, kushoto na kulia. Zungukeni mpaka wote pamoja, mtoto akigusa kila kijiti. Huo ndio "miguu haivuki khanga". Upande wa bahari mpaka ni mtu mzima: anasimama hapo, na hakuna mtoto anayempita. Mtu mzima yule anatazama watoto, lakini kila baada ya muda anageuka kutazama bahari pia.

Pigeni filimbi mara moja ya majaribio. Wote wakifika mkekani, mko tayari. Asiyefika, anakaa na mtu wake mkono kwa mkono mpaka jaribio la pili.

Sasa subirini. Hapa ndipo mzazi anapoharibu kwa nia njema. Mtoto anasimama, anashika goti la mama, hafanyi kitu. Mama anaona aibu, anaanza: "Nenda kacheze! Si ulitaka kuja? Angalia wenzako!" Mtoto anazidi kuganda. Acha. Kuna binti mdogo aliyesimama hivyo kwa muda mrefu mpaka mama yake akaanza kukunja mkeka. Nikamwomba asubiri kidogo. Yule mtoto alikuwa anatazama tundu la kaa karibu na kidole chake kikubwa cha mguu. Akachuchumaa. Akachukua chembe za mchanga kwa vidole viwili akazimimina kwenye tundu. Kaa akatupa mchanga nje. Akamimina tena, kaa akatupa tena. Wakaendelea hivyo, yeye na kaa wake, mpaka filimbi ya kuondoka ikalia.

Kuganda mwanzoni ni kazi ya mtoto ya kupima mahali. Dakika 10 ni kawaida, 20 ni kawaida pia.

## Hatua ya 7: Mchezo, na viumbe vya kutogusa

Watoto wakishaanza, kazi yenu ni kupunguza maneno. Usiulize "Hii rangi gani?" Huu si mtihani. Kama mtoto amekwama, fanya wewe kitu karibu naye bila kusema: chimba mfereji kutoka dimbwi moja hadi jingine, au pepeta mchanga kwenye chujio. Atakuja.

Toa vitu kidogo kidogo. Kopo moja kwanza. Chujio baada ya nusu saa. Ukimwaga vyote mara moja vitatawanyika na hakuna kitakachochezewa.

Magamba na makombe matupu waokote, wayapange mchangani, wayaache. Kila gamba likaguliwe na mtu mzima kwanza, kwa sababu kaa wadogo wanaishi ndani ya magamba ya konokono. Ukichukua gamba umechukua nyumba. Jongoo bahari, kiti cha pweza na matumbawe hubaki majini. Jiwe lililogeuzwa lirudishwe lilivyokuwa, maana walio chini yake hufa wakiachwa juani.

Sasa hatari, kwa utulivu lakini bila kupunguza neno.

Nungunungu wa baharini, yule wa mviringo mwenye miiba mirefu myeusi. Huchoma anayekanyaga, na ndiyo sababu ya viatu. Mtoto akichomwa, mtoe majini, ng'oa kwa kibano miiba inayoonekana, usichimbe iliyokatikia ndani. Kisha loweka mguu kwenye maji ya moto anayoyavumilia, dakika 30 hadi 90. Hii ndiyo kazi ya chupa ya chai. Changanya na maji ya kawaida na upime kwa mkono wako mwenyewe, maana mtoto mwenye maumivu hawezi kukwambia kama anaungua. Mwiba ukiwa karibu na kiungo, au ukiingia sana, nenda hospitali.

Samaki wanaofanana na jiwe hulala mchangani na kwenye miamba, wana miiba yenye sumu mgongoni. Maumivu ni makali mno. Maji ya moto vilevile, huku safari ya hospitali imeshaanza. Msikae mkisubiri kuona.

Konokono wa baharini wenye gamba la umbo la koni, mara nyingi lenye madoa mazuri ya kuvutia. Walio hai hudunga sumu inayoweza kuua, na wakati mwingine mdungo hauumi sana mwanzoni. Hakuna dawa ya nyumbani, hospitali moja kwa moja. Kanuni kwa watoto ni fupi: gamba la koni haliguswi, hata likionekana tupu.

Yavuyavu, yule kiumbe laini wa baharini mwenye nyuzi zinazowasha. Suuza kwa maji ya bahari, si ya bomba. Toa nyuzi zake kwa kibano au kijiti. Usisugue kwa mchanga, na ile habari ya kukojolea haisaidii. Mtoto akipumua kwa shida au akivimba uso, hospitali.

Kwa tukio la majini, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114. Iandike kwenye ile karatasi ya mlangoni, mje nayo.

Mchezo umekaa sawa ukiona haya: watoto wako kimya kuliko kawaida yao, wanarudia kitu kimoja mara nyingi, na hawakutazami. Kelele nyingi na kukimbia ovyo ni dalili ya uchovu au njaa, zaidi kuliko ya furaha. Pulizeni filimbi, kaeni mkekani, kunyweni maji.

## Hatua ya 8: Kuondoka kabla bahari haijawaondoa

Maji yakianza kurudi huja taratibu sana saa ya kwanza, na hilo linadanganya. Saa ya tatu na ya nne ndipo huja kwa kasi. Ufukwe wetu mwingi ni tambarare wenye mabonde, kwa hiyo maji huingia kwanza kwenye vijito vya pembeni na kukuzunguka nyuma wakati mbele bado unaona mchanga.

Kwa sababu hiyo, nusu saa baada ya maji kukupwa kabisa, watoto wote watoke kwenye madimbwi na miamba, waje mchangani karibu na mkeka. Hakuna "dakika tano tu". Waliobaki na hamu wajenge mchangani huku mnafungasha.

Mtoto mpe taarifa mapema, lakini si kwa dakika, hazijui. Mwambie: "Makopo matatu tena, halafu tunaaga." Kisha aage kweli. Kwaheri kaa, kwaheri dimbwi. Wanaoaga hulia kidogo kuliko wanaobebwa juu juu.

Suuza miguu na mikono kwa maji ya dumu na sabuni kabla ya chakula. Vua nguo zote zilizolowa, mkague vidole vya miguu, masikio, na mikunjo ya mapaja ambako mchanga hukwaruza. Paka mafuta ya nazi. Nguo kavu, khanga, kiazi mkononi.

Hesabuni watoto. Hesabuni vitu. Takataka zenu, na tano za wengine kwenye salfeti.

## Walio mbali na bahari

Wanaokaa Kisarawe, Gongo la Mboto na kuelekea huko wana Hifadhi ya Msitu wa Asili Pugu-Kazimzumbwi, iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Ulizeni kiingilio na utaratibu kabla ya kufunga safari. Hatua zote za hapo juu zinabaki, isipokuwa mwezi hauna kazi, na orodha ya hatari inabadilika.

Suruali ndefu ziingizwe ndani ya soksi. Siafu wakipanda, toka kwenye mstari wao kwanza ndipo umvue mtoto nguo na kuwabandua. Upupu ukimgusa, usisugue: vua nguo, mwagia maji mengi, badilisha. Na mbu wa dengue, ugonjwa uliosumbua sana Dar mwaka 2014 na 2019, huuma mchana, kwa hiyo dawa ya kufukuza mbu ipakwe hata kama jua linawaka.

## Jioni ya siku hiyo

Mtoto atalala mapema. Kabla hajalala, mwulize swali moja tu: "Umeona nini?" Andika jibu lake nyuma ya ile karatasi ya mlangoni, kwa maneno yake. Chini yake andika tarehe ya mwezi, saa mliyofika, saa mliyotoka, na kitu kimoja mlichosahau. Kisha fungua kalenda, hesabu siku mpaka bamvua linalofuata, na uoshe zile raba, maana chumvi ikikaukia ndani hukwaruza visigino.